Kuvundika Alumini

Msimu wa kusi wa mwaka 2019, boti ya binamu yangu ilipoteza mashine nje ya mwamba wa Msambweni. Ilikuwa jioni, walikuwa watu watatu, wanarudi na samaki wao. Bamba la alumini lililoshika mashine kule nyuma likakatika ghafla, mashine ikainama, ikaning'inia kidogo kwa waya wake, halafu ikazama. Kusi ikawasukuma kaskazini usiku kucha. Alfajiri wavuvi wa Gazi wakawaokota karibu na Chale, midomo imekauka, mmoja ana homa, lakini wako hai. Alhamdulillahi.

Bamba lile lilikuwa limechomelewa na mjomba wangu, wiki tatu kabla.

Mjomba ana karakana yake Ukunda, nyuma kidogo ya barabara kubwa. Siku hizo alikuwa fundi wa alumini. Akiyeyusha skrepu kwa mkaa, akisubu vifuniko vya sufuria na miiko, akinyoosha rimu za bodaboda, akichomelea chochote kilichovunjika. Baada ya mkasa ule hakuna aliyemtukana waziwazi, sisi hatuna tabia hiyo. Lakini maneno yalikwenda. Ati mkono wake umezeeka. Ati alitumia vijiti vya bei rahisi. Mwenye boti hakumdai chochote, akaacha tu kumpitia, na hilo liliuma zaidi ya deni. Mjomba akaweka vyungu vyake vya kuyeyushia pembeni. Leo anachomelea mageti na madirisha ya chuma. Kile kipande cha bamba kilichosalia kwenye boti aliletewa, akakitundika ukutani kwa msumari, na hajawahi kusema kwa nini.

Mimi nilikuwepo nyumbani. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo, mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo, karo imenishinda. Nilikishika kile kipande mkononi. Niliona kitu ambacho kila mtu angeweza kukiona: mshono wa mjomba ulikuwa mzima. Bamba lilikatika pembeni, upana wa kidole kutoka kwenye mshono. Sikujua maana yake. Somo la metali lilikuwa muhula uliofuata, na mimi huo muhula sikuufikia.

Nimeandika haya kwa sababu hatimaye nimejua. Na ili nieleze vizuri, inabidi nianze mbali kidogo, kwa mtu mwingine ambaye hakumaliza chuo.

*

Paul Héroult alizaliwa Ufaransa mwaka 1863. Aliingia École des Mines ya Paris, akaondoka bila kumaliza. Alichokuwa akikitaka hakikuwa kwenye ratiba: alitaka kutoa alumini kwenye udongo kwa umeme. Alumini imejaa ardhini kuliko chuma, lakini imeshikana na oksijeni kwa nguvu kiasi kwamba moto wa mkaa peke yake hauwezi kuitenganisha. Ndiyo maana ilikuwa ghali sana. Mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza Mnara wa Washington, walichoweka kileleni kabisa ni kijipembe cha alumini, kama vile mtu angeweka dhahabu.

Mwaka 1886 Héroult akafaulu. Aliyeyusha madini ndani ya chumvi maalumu iitwayo kriolaiti, akapitisha mkondo wa umeme, alumini ikajikusanya chini. Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, Charles Martin Hall wa Ohio akafanya jambo lilelile akiwa kwenye banda la kuni nyumbani kwao, akisaidiwa na dada yake Julia. Hawa wawili hawakuwa wakijuana. Walizaliwa mwaka mmoja, wakagundua mwaka mmoja, na wote wakafa mwaka 1914. Njia yao ndiyo inayotumika mpaka leo, dunia nzima.

Kwa hiyo kila sufuria jikoni kwenu ni stima iliyogandishwa. Kilo 1 ya alumini mpya hula takriban yuniti 14 za umeme kabla haijawa kitu. Wewe unayenunua tokeni ya shilingi 200 unajua hizo ni ngapi. Lakini ukiishaipata, kuiyeyusha tena ni kazi ndogo: inayeyuka kwenye nyuzi 660, na inahitaji kama asilimia 5 tu ya nishati ile ya kwanza. Hapo ndipo watu kama mjomba wanapopata riziki. Deni la umeme lililipwa zamani na mtu mwingine mahali pengine. Mkaa na kipulizio vinatosha.

Tatizo ni moja. Alumini tupu ni laini. Unaweza kuikunja kwa mikono kama mkate wa ufuta. Huwezi kutengeneza ndege kwa kitu hicho, wala kufungia mashine ya boti.

*

Mwaka 1906, katika taasisi moja ya Neubabelsberg karibu na Berlin, mtaalamu wa metali aitwaye Alfred Wilm alikuwa na kazi ya jeshi mikononi. Wakubwa walitaka alumini ngumu ya kutengenezea maganda ya risasi, ili waache kutumia shaba nyeupe ambayo ni nzito na ghali. Wilm alijaribu mambo ambayo wahunzi hufanyia chuma cha pua tangu zamani: pasha moto mpaka iwe nyekundu, tumbukiza majini, upate ugumu. Akachanganya alumini na shaba nyekundu kidogo, kama asilimia 4, na magnesi nusu asilimia. Akapasha, akatumbukiza majini, akapima. Laini vilevile.

Kisa kinachosimuliwa ni kwamba ilikuwa Jumamosi. Walipima kidogo, wakafunga, wakaenda zao nyumbani. Jumatatu wakapima tena kipande kilekile, ambacho hakuna aliyekigusa. Kimekuwa kigumu zaidi. Wakadhani kipimo kimeharibika. Kumbe kipimo kilikuwa kizima. Alumini ilikuwa imekomaa yenyewe, juu ya meza, wakati watu wamelala.

Kiwanda cha mji wa Düren kikanunua haki ya kuitengeneza, na mwaka 1909 ikapewa jina la Duralumin.

Sasa, kilitokea nini juu ya meza ile? Mtu wa Pwani ana bahati, kwa sababu lugha yake tayari ina maneno ya jambo hili. Fikiria mnazi. Kuna kitale, kuna dafu, kuna koroma, kuna nazi. Ni tunda moja, na hakuna anayelitia kitu kutoka nje. Muda tu ndio unaopanga upya kile kilichomo ndani. Alumini ya Wilm ilikuwa hivyohivyo.

Ukiipasha mpaka nyuzi kama 500, shaba huyeyukia ndani ya alumini kama sukari kwenye chai ya moto, ingawa yenyewe bado ni gumegume, haijawa uji. Ukiitumbukiza majini ghafla, shaba haipati nafasi ya kujitenga. Inabaki imetawanyika, chembe moja huku, chembe nyingine kule. Hilo ni dafu. Kisha polepole chembe za shaba huanza kutafutana. Hujikusanya vikundi vidogovidogo sana, vya unene wa atomu moja au chache. Metali hupinda pale tabaka zake zinapoteleza moja juu ya nyingine, na vile vikundi huwa kama mawe madogo mchangani unapoburuta ngarawa. Kila jiwe linakukwamisha. Ndio ugumu wenyewe. Hiyo ni nazi.

Ukiiacha mno, au ukiipa joto kupita kiasi, vikundi hukua vikawa vikubwa na vichache. Mawe ni machache, ngarawa inapita katikati yake. Metali inarudi kuwa laini. Nazi iliyoachwa ghalani mpaka ikaota, ukiivunja unakuta imejaa joya. Ni hivyo.

Na kama vile ndizi, kuna kuiva mtini na kuna kuvundika. Duralumin huiva yenyewe kwa siku nne tano katika hali ya kawaida. Aloi nyingine huvundikwa: hufungiwa kwenye tanuri la joto la wastani kwa saa nyingi. Aloi inayoitwa 6061, ya magnesi na silikoni, iliyo kwenye fremu za baiskeli na vyombo vya baharini, hukaa kwenye nyuzi 160 hadi 175 kwa saa 8 mpaka 18. Ile ya 7075, yenye zinki, ngumu zaidi, huchukua saa 24 kwenye nyuzi 120. Siku nzima na usiku wake.

Nataka ukumbuke jambo moja hapa kwa sababu nitalirudia. Wilm hakujua sababu. Hakuna aliyejua. Maelezo ya kwanza yenye maana yalitolewa Marekani mwaka 1919, na waliokuja kuona dalili za vile vikundi kwa miale ya eksirei, André Guinier wa Ufaransa na George Preston wa Uingereza, waliona mwaka 1938. Kwa miaka kadhaa watu waliunda vyombo vya kuruka angani kwa metali ambayo hawakuweza kuielezea. Hakuna aliyewaita wababaishaji.

*

Metali hiyo karibu ije kwetu, na ingekuja kwa njia ya ajabu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Pwani ya kusini, vilifika hasa. Oktoba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka Tanganyika mpaka Gazi. Januari 1915 pakapiganwa Jasini, ng'ambo kidogo tu ya Vanga, tarehe 18 na 19. Wanajeshi wa Kihindi waliokuwa upande wa Waingereza walizingirwa pale mpaka wakasalimu amri. Mjerumani alishinda, lakini kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alipohesabu aliona ameshinda kwa hasara. Maafisa wake kadhaa walikuwa wamekufa, na risasi takriban 200,000 zilikuwa zimetumika, naye hakuwa na pa kupata nyingine kwa urahisi kwa sababu meli za Waingereza zilifunga bahari. Tangu Jasini akaacha vita vya ana kwa ana. Akaanza kushambulia na kukimbia, na akakimbia karibu miaka minne.

Jeshi linalokimbia linahitaji wa kulibebea mizigo, na linalolifukuza pia. Malori yalikwama kwenye matope, ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Wakabeba watu. Upande wa Waingereza mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 50, karibu kilo 23, kichwani, siku baada ya siku. Vijana walikusanywa kutoka bara mpaka Pwani, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki kwenye midomo yetu: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi. Tunashuka kwenye hizo stendi kila siku, tunanunua viatu, hatukumbuki.

Novemba 1917 Berlin ikaamua kumpelekea Lettow-Vorbeck msaada kwa angani. Chombo chenyewe kiliitwa L59: puto kubwa la Zeppelin, urefu wa mita 226, lililojazwa haidrojeni. Mifupa yake yote ilikuwa duralumin. Tarehe 21 kikaondoka Jamboli, Bulgaria, na tani takriban 15 za risasi, bunduki rashasha, dawa na vifaa. Hakikutarajiwa kurudi. Mpango ulikuwa kikifika kivunjwe chote: kitambaa cha nje kiwe mahema na nguo, ngozi ya njia ya kutembelea ndani iwe viatu, na mifupa ya duralumin itumike kujengea.

Soma hapo tena. Hiyo ni jua kali. Majenerali wa Kaisari walikuwa wamepanga kufanya na Zeppelin jambo lilelile mjomba anafanya na injini ya probox iliyokufa.

L59 ikavuka Mediterania, ikavuka jangwa la Misri, ikafika Sudan. Tarehe 23, ikiwa magharibi ya Khartoum, ikapata ujumbe wa redio: rudi, sehemu ya kutua imeshaingia mikononi mwa adui. Ikageuka. Ilitua tena Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita zaidi ya 6,700 bila kugusa ardhi. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia eneo la Wareno, na msururu wa wapagazi nyuma yake.

Mimi picha hii hainitoki. Juu kuna chombo cha metali nyepesi iliyofanywa ngumu, kinachoelea. Chini kuna vijana wenye kilo 23 kichwani, wanazama matopeni. Wepesi ulikuwepo tayari duniani mwaka 1917. Haukuwa wa wote.

*

Baada ya vita duralumin ilipata watoto na wajukuu. Mjukuu maarufu ni aloi ya 2024, iliyoanza kutumika Marekani miaka ya 1930. Ukisimama karibu na uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda ukaangalia ndege za watalii zikiteremka, ngozi ya ndege nyingi za namna ile ni 2024 au ndugu zake. Ni shaba ya Wilm ileile, kama asilimia 4 na kitu.

Wakati wa Vita vya Pili viwanda vya ndege vilikuwa na friji zilizojaa ribiti. Si utani. Ribiti za aloi hizi ukishazipasha na kuzitumbukiza majini, zinaanza kukomaa hapohapo, na baada ya muda mfupi hazipigiki tena. Kwa hiyo walizigandisha kama samaki, ili zisizeeke kabla ya kufika kwenye bawa. Hapo watu walikuwa wakiuchezea muda wa metali kwa makusudi. Baridi iliusimamisha. Swali lililobaki ni kama unaweza kuukimbiza.

Joto la tanuri hukimbiza, lakini kwa kiasi. Ukizidisha, unavuka nazi unaangukia joya. Sasa hapa ndipo stima inarudi kwenye stori.

Miaka ya 1960 wanasayansi wa Kisovieti, akiwemo O. A. Troitskii, waliripoti jambo lililowashangaza wenzao: metali inayovutwa, ukiipiga kwa mapigo mafupi ya umeme mkali, hulainika na kunyooka kwa urahisi kuliko joto lake lilivyostahili. Tangu hapo maabara nyingi, China, Korea, Marekani na Ulaya, zimejaribu kupiga aloi za alumini kwa mapigo kama hayo wakati wa kukomaza. Badala ya kulifungia bamba tanurini, wanalibana ncha mbili na kupitisha mkondo ndani yake moja kwa moja, maelfu ya ampea katika eneo dogo, kwa vipande vya sekunde. Matokeo yanayoripotiwa ni kwamba kazi ya saa nyingi inaweza kushuka hadi dakika, na kwa baadhi ya hatua hadi sekunde.

Sehemu ya maelezo ni rahisi. Tanuri hupasha hewa, hewa hupasha ngozi ya metali, ngozi hupasha ndani. Umeme ukipita ndani ya bamba lenyewe, bamba linajipasha, kila mahali kwa pamoja. Waya wa pasi unajua hilo.

Sehemu ya pili ndiyo wanayobishania mpaka leo. Chembe ya shaba ndani ya alumini haiwezi kuhama hivihivi. Ni kama abiria kwenye matatu ya Likoni saa kumi na moja jioni: unasogea tu kama kuna kiti kitupu jirani. Wengine wanasema mapigo ya umeme huongeza viti vitupu na kuvisukuma, na kwamba mto wa elektroni unapopita huzisukuma atomu kidogokidogo, kama kusi inavyosukuma boti isiyo na mashine. Wengine wanasema hapana, ni joto tu, ila ni joto la ghafla ambalo vipimo vyetu havilioni vizuri.

Kwamba elektroni zinaweza kusukuma atomu, hilo halina ubishi. Miaka ya 1960 watengenezaji wa saketi za kompyuta waliona vijiwaya vyao vya alumini vikikatika vyenyewe, kwa sababu mkondo ulikuwa unahamisha atomu mpaka panakuwa na tundu. Moja ya dawa walizopata ilikuwa kuongeza shaba kidogo. Shaba tena! Ubishi ni kama msukumo huo una nguvu ya kutosha ndani ya bamba nene, kwa sekunde chache, au sifa zote ni za joto.

Kwa nini wanajisumbua? Kwa sababu magari yanataka kuwa mepesi, hasa ya umeme ambayo betri yake peke yake ni mzigo. Na tanuri linalowaka saa 24 ni pesa. Anayefupisha kungoja anauza bei nafuu. Tunaambiwa haraka haraka haina baraka, lakini pia tunaambiwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Viwanda vimechagua methali ya pili.

*

Sasa turudi kwenye bamba.

Muuza skrepu alimwapia mjomba kwamba bamba lile ni la ndege. Labda, labda si kweli. Lakini vyovyote vile lilikuwa limekomazwa kiwandani, na mtu fulani alikuwa ameshalipia zile saa za tanuri. Mjomba alipochomelea, moto wake ulifanya mambo mawili. Kwenye mshono uliyeyusha na kuunganisha, na aliunganisha vizuri. Pembeni ya mshono, pale ambapo metali ilipata moto mkali bila kuyeyuka, ulivuruga vile vikundi. Vingine viliyeyuka, vingine vikavimba. Nazi ikawa joya, kwenye ukanda wa upana wa kidole. Kwa macho huuoni. Rangi ni ileile, ukigonga mlio ni uleule. Halafu mashine inatetemeka juu yake wiki tatu, na mawimbi ya kusi.

Wahandisi wanaujua ukanda huo, wana jina lake, na wana jedwali la kiasi gani cha nguvu kinapotea. Kwa 6061 inaweza kuwa karibu nusu. Kwa hiyo wanaweka bamba nene zaidi pale, au wanahamisha mshono mbali na mzigo, au wanalivundika upya. Aloi za ndege kama 2024 wanaziogopa kabisa, wanapiga ribiti badala ya kuchomelea. Yote haya yako vitabuni tangu kabla mjomba hajazaliwa. Ni ukurasa mmoja. Ulikuwa kwenye muhula ambao sikuulipia.

Siwezi kusema kuwa hakuna aliyekosea. Watu watatu walilala baharini. Lakini kuna tofauti kati ya mkono mbovu na ukurasa ambao haukufika. Wilm alipewa taasisi, miaka, na Jumamosi ya kupumzika, na bado aliondoka kwenye metali akaenda kulima bila kuona kwa macho kile alichogundua. Mjomba alipewa skrepu isiyo na jina na wiki tatu.

Mwezi uliopita nilikwenda Ukunda. Nilimwamkia, akanisogezea kile kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Nikamweleza yote, kwa minazi na ndizi, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza huku anapekecha kutu kwenye bawaba ya geti. Nilipofika kwenye mapigo ya umeme akacheka.

"Hiyo stima yao ni ya tokeni?"

Kisha akasimama, akakitoa kile kipande kwenye msumari. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, mpaka pale palipokatika, akarudi tena.

"Kwa hiyo hapa hapakuachia."

"Hapakuachia, mjomba."

Akanyamaza muda. Nje tuktuk mbili zilikuwa zinapigiana honi.

"Na hilo tanuri la kuvundika," akasema, "umesema nyuzi mia na sabini?"

"Kama hizo. Saa nane au zaidi. Na haitarudisha nguvu yote, na ni lazima ujue aloi ni ipi."

"Tanuri la mkate pale kwa Mpemba linafika ngapi?"

Nilimwambia sijui, ila naweza kwenda kuuliza. Akakitundika kipande chake tena, safari hii mshono ukitazama barabarani, akaniambia nipite kwa Mpemba kabla hajafunga.